Siku Mtani Alipomwita Mama Dada

Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba Ulaya kuna majira ya majani kupukutika. Tukakariri, tukajibu mtihani, tukapata vema. Hakuna aliyetuambia kwamba hata Tabora majani yanapukutika, na mwalimu mwenyewe alipokuwa akiyasema hayo mti ulikuwa unayamwaga nje ya dirisha lake. Kwetu majira hayo hayana jina la kitabuni. Ni ile miezi ya vumbi, viazi vimeshakatwakatwa vikaanikwa vikawa michembe na kuingia kwenye magunia, maembe bado mabichi na watoto wanayapopoa kwa mawe, mvua inasemwa tu haionekani. Jua la wakati huo msiniulize. Hata mbwa wanaona uvivu kubweka.

Nyumbani kwetu Mtendeni majira hayo huletwa na mti wa mkungu. Umesimama katikati kabisa, kati ya uwanja wetu na uwanja wa jirani, na hakuna uzio wa kusema mti ni wa nani. Majani yake ni mapana kama sahani. Yanageuka mekundu, kisha yanaanguka moja moja kutwa nzima. Unamaliza kufagia, unainua kichwa, lingine hilo linakuja. Mimi, binti wa nyumba hii, nina cherehani yangu barazani, nashona sare za shule na magauni ya harusi huku nikiutazama uwanja huo mwaka mzima, na nawaambieni hakuna mti ulionichosha roho kama ule. Lakini ungethubutu kusema ukatwe, mbele ya mama! Ungelala njaa siku hiyo.

Jirani yetu ni Mzaramo. Alikuja Tabora kwa treni akiwa bibi harusi, mumewe mfanyakazi wa reli, na mume alipofariki yeye akabaki. Watoto wake wako Dar es Salaam. Kila wakipiga simu wanamwambia mama rudi pwani, naye anawajibu, nikirudi nani atamtukana Mnyamwezi wangu? Mnyamwezi wake alikuwa mama yangu, mzaliwa wa upande wa Igalula. Walikuwa watani, na kwa asiyeujua utani wa Mnyamwezi na Mzaramo nimweleze kidogo. Mababu zetu walikuwa wapagazi, walibeba pembe za ndovu na mizigo ya watu kutoka huku hadi pwani, miezi na miezi njiani, na walipofika miguu imevimba waliowapokea ni Wazaramo. Wakachekana, wakanyang'anyana chakula, wakauguzana, wakazikana. Toka hapo Mzaramo ana ruhusa ya kumwambia Mnyamwezi neno lolote, popote, hata msibani, tena msibani ndiyo hasa. Na Mnyamwezi vilevile. Atakayenuna ndiye mjinga.

Watani wawili hawa walikuwa na shughuli yao ya asubuhi. Jirani anafagia uwanja wake, anayakusanya majani yote ya mkungu, anayasukuma mpaka upande wetu, kisha anajishika kiuno.

"Mpagazi! Mzigo wako huo hapo, beba twende!"

Mama anatoka na ufagio wake wa chelewa, kanga kaifunga kifuani, na jibu lake ni lilelile tangu nilipoanza kupata akili.

"Nishatua mzigo mimi, mla nazi wee! Njoo ubebe mwenyewe, uone njia ilivyo ndefu!"

Anayasukuma yanarudi. Yule anayaleta, huyu anayarudisha. Vumbi linatimka hadi kwenye vitambaa vyangu vyeupe, napiga kelele, jamani, nguo za watu! Nani anisikilize? Wakishachoka wanakaa kwenye mizizi ya mkungu wanakunywa chai ya tangawizi, na majani anakuja kuyazoa nani? Mimi.

Sisi watoto jirani alituita vipagazi. Sikukuu moja aliingia jikoni kwetu akabeba sufuria ya pilau ikiwa bado motoni, akaondoka nayo mbele ya wageni. Mama alikwenda kwake, akabeba godoro la kitandani, akalitandika barazani kwetu akalilalia mpaka sufuria iliporudi, tupu, imeoshwa vizuri. Wageni kutoka mbali walishika midomo. Sisi tulikuwa tumeshazoea, na mimi nikiri tu kwamba nilikuwa naona haya.

Mwaka huo mama alianza kuumwa kabla majani hayajaanza kuanguka. Tulikwenda hospitali, tukarudi, tukaenda tena. Siku tuliyorudi mara ya kwanza, jirani alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hee! Bado hujafa? Mwenzio nimeshaloweka mchele wa ubwabwa wa msiba!"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Kaupike ule mwenyewe, mla nazi. Mimi nitakuzika wewe kwanza!"

Nilifurahi kumsikia akicheka. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho, lakini wakati huo ningejuaje? Kesho yake aliinuka kitandani kwenda kunawa, akaanguka. Tulimkimbiza hospitali, akakaa huko kitambo, na mwishowe daktari, kwa upole kabisa, alituambia tumchukue tukamtunze nyumbani. Mtu akikwambia hivyo kwa upole unajua amekwambia nini.

Tulimweka chumba cha uani, chenye dirisha linalotazama mkungu. Jirani akaja. Safari hii hakusimama mlangoni. Alivua ndala nje, akaingia kwa kunyata, ameshika chupa ya uji wa ulezi kwa mikono miwili. Alikaa kwenye ncha ya kitanda kama mkwe.

"Unaendeleaje, dada?"

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Jirani akamimina uji, akaupoza, akamnywesha kijiko kwa kijiko, pole dada, jikaze dada, Mungu mwema dada. Alipoondoka mama akaniuliza.

"Kaniitaje huyu?"

"Kakuita dada."

"Mimi dada yake tangu lini?"

"Mama, unaumwa. Anakuheshimu."

"Aniheshimu kwa lipi? Huyo ameshanizika." Akageukia ukutani.

Nilidhani ni maneno ya ugonjwa. Basi majani yakaanza kuanguka. Asubuhi ya kwanza nilisikia ufagio nje, nikatoka nikijua nitakuta lundo upande wetu. Sikukuta kitu. Jirani alikuwa amefagia uwanja wake, na wetu, mpaka chini ya baraza langu, na majani yote ameyabeba kwa beseni kuyachoma nyuma ya jiko lake. Kimya kimya. Uwanja ulikuwa safi, umechorwa mistari ya chelewa kama wa mtu anayesubiri ugeni. Nilimshukuru. Mpumbavu mimi, nilimshukuru kwa sauti.

Mama alikuwa macho kitandani, anasikiliza.

"Amefagia?"

"Amefagia."

"Na kwetu?"

"Na kwetu."

"Majani kayaleta?"

"Kayapeleka kwake."

"Haya," akasema mama, akafumba macho. Siku hiyo hakula.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Ufagio, kimya, uji wa ulezi, dada. Na kila asubuhi mama aliniuliza maswali yaleyale, na kila nikijibu alipungua. Mgonjwa mwingine angeuliza dawa, au wanawe, au angeogopa. Mama hakuogopa kufa, aliniambia waziwazi. Alichokiogopa ni kufa akiwa ameshahesabiwa miongoni mwa wafu. Siku moja alinishika mkono, mkono wenyewe umebaki mifupa, akaniambia neno ambalo sijalisahau.

"Nenda kamwambie sitaki uji wake. Aniite jina langu. Siku akiniita mpagazi nitajua mimi bado ni mtu."

Nilikwenda. Nilikwenda na hasira, sifichi, maana nilikuwa nimechoka na sijalala vizuri. Jirani alikuwa uani kwake anapepeta mchele. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu nimelelewa, akaitika marahaba, halafu nikamwaga yote.

"Mama, wewe unamuua mgonjwa wetu. Huo upole wako unamuua. Njoo umtukane!"

Alisimamisha ungo. "Mwanangu, sema taratibu."

"Mwanangu! Hata mimi leo siyo kipagazi?"

Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Kisha akasema, "Nilimwambia nimeloweka mchele. Mdomo wangu huu. Kesho yake akaanguka."

"Ni ugonjwa huo. Utani haujamwangusha mtu."

"Najua. Nani asiyejua? Lakini ulimi umeingia woga."

"Misiba yote ya mtaa huu umeikalia unatukana watu!"

"Wale walikuwa wameshakufa," akasema. "Aliyekufa haumii. Huyu ananitazama."

Nikamshika magoti, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwomba. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema haya, kesho. Kesho atakuja na atasema. Nilirudi nikamwambia mama, na mama akaniambia nimchane nywele. Nilimchana, nikamsuka mabutu mawili. Akaomba kioo akakataa kujitazama, akaomba tena.

Asubuhi jirani alifagia. Nilisikia chelewa zinakuja upande wetu, zinakuja kabisa, nikatoka mbio. Alikuwa amejaza ungo majani mekundu ya mkungu, pomoni. Alipita barazani kwangu bila kuniangalia, ndala miguuni, hakuzivua, nikasema Alhamdulillahi. Akaingia nao chumbani, akasimama mbele ya kitanda.

Mama alijiinua. Sijui nguvu alizitoa wapi. Alijiinua kwa viwiko, na nikaona midomo yake imeshakaa tayari, jibu liko pale kwenye meno, linangoja tu.

Jirani akafungua mdomo. Akamtazama mama usoni, akatazama yale mabutu, akatazama mikono iliyokuwa myembamba kama chelewa. Alifungua tena. Ungo ukainama na majani yakawa yanadondoka sakafuni.

"Pole, dada," akasema. Akauweka ungo chini, akatoka mbio analia.

Mama alijilaza polepole. Alitazama dari. "Mla nazi huyo," akasema, siyo kwa hasira. "Ameshindwa."

Hakuniuliza tena habari za ufagio. Juma lilelile, alfajiri, alifariki. Nilikuwepo. Nilimfumba macho kwa mkono wangu mwenyewe, na jambo la kwanza nililolisikia baada ya hapo ni jani linaanguka juu ya bati la jiko.

Nilimkasirikia yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Kaka yangu alifika kutoka Mwanza, majirani wakajaa, wanawake wakamwosha mama na kumvika sanda, na mimi kila mara macho yanakwenda upande wa mkungu. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa. Watu walianza kunong'ona. Msiba wa Mnyamwezi bila Mzaramo wake, jamani! Kila mtu alijua yatakiwayo: jeneza likitoka mtani anaziba njia, anatukana maiti, anadai chake, wenye msiba wanampa noti, anapisha, watu wanacheka na machozi yao, safari inaendelea. Kaka alikuwa na noti yake imekunjwa kiganjani tangu adhuhuri, maskini, anaikunja na kuikunjua.

Sisi wanawake wa Kiislamu hatuendi makaburini. Kwetu maiti inaishia uwanjani, ikishapita barabara ni ya wanaume. Kwa hiyo nilijua kama jirani hatakuja sasa, hatakuja tena.

Jeneza likatoka. Lilifika karibu na mkungu, na hapo nikamwona. Sijui alitokea wapi. Kanga kajifunga kibwebwe, kichwa wazi, ufagio mkononi ameushika kama rungu, kasimama katikati ya njia.

"Simameni hapo hapo!"

Wakasimama.

"Toka lini mpagazi akabebwa?"

Kicheko kikalipuka uwanja mzima. Hata kaka alicheka, pua inamtoka makamasi. Hata mimi.

"Mpagazi mzima! Mababu zako wamekwenda hadi pwani na pembe mabegani, wewe makaburi hapo tu, unabebwa na watu sita! Huna haya? Shuka!"

Watu wakazidi kucheka. Kaka akasogea na noti yake. Jirani hata hakuitazama ile noti. Alikuwa anatazama jeneza.

"Shuka, mpagazi. Shuka utembee." Sauti ikaanza kubadilika. "Mpagazi. Unanisikia? Nakuita. Mpagazi! Si ulitaka nikuite? Nakuita hapa. Mpagazi!"

Kicheko kikakatika. Kaka alibaki mkono umenyooka na noti mbele, hajui aupeleke wapi. Jirani alimwita tena, na tena, yale yote aliyoshindwa kuyasema chumbani akayasema pale, na kila akisema ananyamaza kidogo, anasikiliza. Alikuwa anangoja jibu. Utani bila jibu ni tusi tu, na uwanja mzima watu wamesimama hakuna hata mmoja wa kumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa la mtu mmoja na mtu huyo ndiye aliyebebwa. Wabebaji waliinamisha vichwa. Shehe naye hakuharakisha watu, Mungu ambariki. Jani likaanguka juu ya kitambaa cha jeneza, hakuna aliyeliondoa.

Hasira yangu yote iliniishia pale. Nilitoka katikati ya wanawake. Sina sauti ya mama, mama alikuwa na sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyevuta moshi wa kuni maisha yake yote. Nilijaribu tu.

"Nishatua mzigo mimi, mla nazi wee!"

Akageuka haraka, kama amevutwa.

"Njoo ubebe mwenyewe," nikasema, na hapo nilikuwa nalia hadi maneno hayatoki sawa, "uone njia ilivyo ndefu."

Tulitazamana. Kisha akaweka ufagio chini, taratibu, akasogea kwenye jeneza. Kijana aliyekuwa pembe ya nyuma alimtazama shehe, shehe akatazama pembeni, na kijana akainama akampisha. Mwanamke yule wa Kizaramo, mzee, magoti mabovu, akaingiza bega lake chini ya jeneza la mama yangu akalibeba. Jeneza likainama upande wake. Wanaume wakapunguza mwendo wakamfuata yeye, hatua zake ndogo ndogo, kupita mkungu, kupita baraza langu na cherehani iliyofunikwa, mpaka barabarani. Barabarani kijana alimgusa mkono, akampokea, na wakaondoka nalo kwa kasi ile yao ya mazishini.

Yeye alibaki amesimama mpaka vumbi lao likatulia. Halafu akarudi, anashika bega, akakaa kwenye mizizi ya mkungu kando yangu. Wanawake walikuwa wameanza kuwasha moto wa kupikia. Alihema kitambo kabla hajasema.

"Hee, kipagazi," akasema. "Mzito mama yako."

Mama yangu siku ile hakuwa na uzito hata wa gunia la michembe. Nilimwambia ndiyo, ni mzito, nikaokota ufagio wake nikampa.